Mzamiaji wa Honolulu na chuma chake

Chuma ninachopigia gitaa nilikipata gereji. Ni pini ya pistoni ya lori, na fundi aliyenipa alikuwa akiitumia kukandamizia risiti zake mezani zisipeperuke. Niliiomba kwa sababu ilikuwa nzito, laini kama kioo, na urefu wake ulitosha kuzilalia nyuzi zote sita. "Dada, hiyo imeshamaliza safari zake, haiingii kwenye injini yoyote sasa," aliniambia. Nikamjibu kwamba siitaki kwa injini. Akaipangusa kwa tambara lenye dizeli, akanikabidhi bila kuuliza zaidi.

Nyumbani nikalegeza nyuzi za gitaa langu la mbao, nikachomeka kijiti cha mpingo chini yake kule juu ya shingo ili ziinuke zisiguse tena freti, vile vijiti vya chuma vilivyopandwa shingoni, kisha nikalilaza chali mapajani kama ungo wa kuchambulia mchele. Nikaweka pini juu ya nyuzi na kuchuna. Noti niliyoitaka nilipishana nayo kwa unywele tu, na unywele huo ulitosha kunitia ganzi ya meno. Gitaa la kawaida hukusamehe: ukibonyeza popote kati ya freti mbili, noti inakuja safi. Hapa hakuna freti. Chuma kinasimama pale mkono wako ulipokisimamisha, na sikio lako ndilo hakimu.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia kwa mara ya kwanza Sol Hoʻopiʻi, mpigaji wa gitaa la Hawaii, lile la kulazwa mapajani na kupigwa kwa chuma. Gitaa la Hawaii nilidhani nalijua. Sisi tuliokulia Tanga kwenye nyumba ambazo redio haizimwi, sauti ile tumeinywa pamoja na chai: ndiyo inayoteleza nyuma ya waimbaji wa filamu za Kihindi, ikipanda polepole kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kulia. Mama yangu anaziimba nyimbo hizo bila kujua maana ya neno hata moja, na ikifika zamu ya gitaa huliimba nalo, kwa sababu kwake ni sehemu ya wimbo sawa na maneno. Basi mimi nilikua nikiamini kwamba gitaa hilo ni la huzuni na la taratibu, sauti ya mtu anayekumbuka.

Hoʻopiʻi alikuwa anakimbia. Alirusha noti kama mpiga klarineti wa jazi, akazikata katikati, akachelewa makusudi nyuma ya pigo halafu akalidaka upande wa pili. Chini yake gitaa la rizimu na ukulele vilikuwa vikisukuma bila kupumzika. Nilirudia rekodi ile mara saba usiku huo, na kila mara nilikuwa nauliza swali moja: mtu anawezaje kufanya haya kwa kipande cha chuma kilichonyooka?

Simulizi la upigaji huu huanzia Lāʻie, kisiwani Oʻahu, kwa kijana aliyeitwa Joseph Kekuku, aliyezaliwa 1874. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitembea kando ya reli na gitaa lake, akaokota boliti, na boliti ile ikagusa nyuzi. Alijaribu kitana, akajaribu mgongo wa kisu, na alipokuwa mwanafunzi wa shule ya wavulana ya Kamehameha huko Honolulu akajichongea chuma chake kwenye karakana ya shule. Gitaa lenyewe halikuwa la pale. Lilifika visiwani miaka ya 1830 na wachunga ng'ombe wa kutoka Mexico, na Wahawaii wakalifanya lao kwa kulegeza nyuzi hadi likawa linatoa kodi nzima, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja na kupatana, hata kabla kidole hakijaligusa. Bila ulegezaji huo chuma cha Kekuku kisingekuwa na maana yoyote, kwa sababu chuma hakijui kutengeneza kodi. Kinaweza tu kuibeba iliyopo na kuihamisha juu au chini.

Na haya yalitokea nchi ikiwa inanyang'anywa. Mwaka 1893 Malkia Liliʻuokalani, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa nyimbo, alipinduliwa na wafanyabiashara wa kizungu, wanamaji wa Marekani wakiwa wametua Honolulu. Mwaka 1896 Kihawaii kikaondolewa kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa. Kekuku aliondoka 1904, akazunguka Marekani na Ulaya akipiga na kufundisha, akafariki 1932 New Jersey. Hoʻopiʻi alizaliwa Honolulu mwaka 1902, miaka minne tu baada ya bendera kubadilishwa. Mimi siwezi kuisikiliza furaha iliyomo kwenye rekodi zake nikaisahau miaka hiyo.

Kwa nini walikuwa na soko? Mwaka 1912 mchezo wa kuigiza uliowekwa Hawaii ulifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, ukiwa na wapigaji wa Kihawaii jukwaani. Mwaka 1915 maonyesho makubwa ya San Francisco yakawa na banda la Hawaii, watu kwa maelfu wakasimama kusikiliza, na mwaka uliofuata santuri za Kihawaii zikawa miongoni mwa zilizouzwa zaidi Marekani. Lakini kilichouzwa kilikuwa picha: mnazi, mwezi, msichana mwenye sketi ya majani. Wapigaji walikuwa vijana wa mjini waliohamia miji ya baridi, na ili walipwe ilibidi wavae shada la maua shingoni.

Hoʻopiʻi alikuwa mtoto wa 21 katika familia yake. Mwaka 1919, akiwa na miaka 17, yeye na rafiki zake walizamia meli ya abiria iitwayo Matsonia iliyokuwa ikielekea San Francisco. Inasimuliwa kwamba walipogunduliwa walipiga muziki, na abiria waliupenda kiasi cha kuwachangia nauli. Anayetoka mji wa bandari hahitaji kuelezwa mzamiaji ni mtu gani. Mtaani kwetu kila nyumba ya tatu ilikuwa na hadithi yake. Ndugu yake mama, wa mwisho kuzaliwa, alizamia hapa hapa bandarini Tanga akiwa na umri kama huo, na hadi leo jina lake hutajwa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo niliposoma habari za Matsonia sikuona kisa cha kuchekesha kama wanavyokiandika wengi. Niliona vijana wamejikunyata gizani na magitaa yao wakihesabu siku.

Baadaye akahamia Los Angeles, akaunda kikundi cha watu watatu na Lani McIntire na Glenwood Leslie, na katikati ya miaka ya 1920 akaanza kurekodi na kampuni ya santuri ya Columbia. Los Angeles ya wakati ule haikuwa ya sinema peke yake. Wanamuziki weusi kutoka New Orleans walikuwa wameshahamia; Kid Ory alirekodi jazi huko mwaka 1922. Kijana wa Honolulu mwenye sikio kama lile alikuwa amefika mahali penye shule, na rekodi zake zinaonyesha alihudhuria kila somo. Alizipiga blues, alizipiga nyimbo za dansi za wakati huo, na alizipiga nyimbo za kwao, zote kwa mwendo ule ule wa kuruka ambao miaka michache baadaye dunia nzima ingeuita swing, jazi ya kuchezea dansi.

Sasa nirudi kwenye swali langu la usiku ule, kwa sababu jibu lake ndilo lililonifanya niandike.

Vidole vinaweza kuushika uzi huu hapa na ule pale. Chuma hakiwezi. Ni mstari ulionyooka, na popote ukiweka, nyuzi zote sita zinakuwa zimesimama mahali pamoja. Mpangilio wa zamani wa nyuzi waliopenda kuutumia ulikuwa kodi ya A meja: kutoka uzi mnene hadi mwembamba, kwa majina ya noti, E, A, E, A, C#, E. Kwa mpangilio huo ukiteleza popote unapata meja, meja, meja, kodi za furaha. Ni tamu, lakini jazi haiendi kwa meja peke yake. Inataka maina zenye huzuni, inataka kodi za saba zenye kiu ya kwenda mahali pengine. Njia ya kwanza ya kutoka kwenye kifungo hicho ni kuchuna nyuzi mbili tu na kumwachia msikilizaji aijaze ya tatu kichwani. Njia ya pili ni kukilaza chuma mshazari, ncha yake iwe freti moja mbele na shina lake moja nyuma. Nimejaribu mshazari kwa miezi minane. Kukilaza si kazi. Kazi ni kukilaza kwa pembe ile ile kila mara ukiwa kwenye mwendo, maana jinsi unavyopanda kuelekea tundu la gitaa freti zinakaribiana na pembe lazima ibadilike nazo. Hoʻopiʻi aliifanya katikati ya sentensi ya muziki, akitoka mshazari huu kwenda mshazari wa upande wa pili, na hausikii chuma kikigusa popote.

Njia ya tatu ndiyo yake hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alianza kutumia mpangilio ambao wapigaji hadi leo wanautaja kwa heshima: B, D, E, G#, C#, E, kutoka mnene hadi mwembamba. Utazame vizuri. Nyuzi tatu nyembamba ni kodi ya C# maina. Nyuzi nne nene ni E ya saba. Chuna B, E, G# na C#, ruka zilizobaki, umepata E ya sita, ile kodi yenye uso wa kutabasamu ambayo bendi za swing zilimalizia nayo nyimbo zao. Chuma hakijasogea hata kidogo. Mkono wa kushoto umetulia, na mkono wa kulia ndio umeamua kama tunalia au tunacheka.

Nilipolielewa hilo niliweka gitaa pembeni nikatoka nje kutembea. Miaka yangu yote ya gitaa nilifundishwa kwamba akili ya mpigaji iko kwenye vidole vya kushoto na mkono wa kulia ni wa kazi. Huyu kijana alihamisha akili yote kulia: kidole gumba na vidole viwili vilivyovikwa kucha za bandia vinachagua kodi ndani ya kodi, huku kiganja kikizima nyuzi zisizotakiwa kabla hazijasema. Wapigaji wazuri wa gitaa la Hawaii ni wazuri wa kunyamazisha. Ukisikia noti moja safi inayoruka, jua kuna tano zilizozuiwa.

Halafu kuna sauti ya juu. Wahawaii wana uimbaji wao wa sauti ya juu sana ya kiume, ambapo mwimbaji anapovuka kutoka sauti ya kifuani kwenda ya kichwani haufichi ule mvuko, anauonyesha kama pambo. Chuma kilijifunza hapo. Sikiliza jinsi Hoʻopiʻi anavyoiacha noti na kuirukia iliyo juu yake: ni koo, si gitaa.

Tatizo lililowasumbua wote lilikuwa udogo wa sauti. Gitaa la mbao lililolazwa mapajani halishindani na tarumbeta. George Beauchamp, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa gitaa la Hawaii kwenye majukwaa ya Marekani, alimfuata fundi John Dopyera, na mwaka 1927 wakawa na gitaa walilolipa jina la National, lenye mwili wa chuma na koni tatu za alumini ndani zinazotikisika kama spika. Hoʻopiʻi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipiga mbele ya watu, na rekodi zake nyingi ninazozipenda zina mng'ao ule wa koni. Beauchamp hakuishia hapo. Akazungusha waya kwenye koili, akaweka sumaku mbili zenye umbo la kwato juu ya nyuzi, na pamoja na Adolph Rickenbacker wakatoa mwaka 1932 gitaa dogo la alumini lenye mwili wa mviringo na shingo ndefu. Watu wakaliita kikaango, na kweli ukilitundika jikoni hakuna atakayeshtuka. Hati ya ubunifu iliombwa 1934 na kutolewa 1937.

Gitaa hilo, la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni, lilikuwa la kulaza mapajani. Kampuni ya magitaa ya Gibson nayo ilipoingia kwenye umeme katikati ya miaka ya 1930 ilianza na aina ya EH, ambapo H ni Hawaii, ndipo ikafuata ES, ambapo S ni la Kihispania, yaani lile la kushika kifuani tulilozoea sisi. Mjomba wangu mkubwa alipiga rizimu kwenye bendi ya dansi hapa Tanga zaidi ya miaka ishirini na alilipenda gitaa lake la umeme kuliko baiskeli yake. Alifariki kabla sijajua habari hizi. Ningetoa chochote nimwambie kwamba waya ule uliokuwa ukinguruma kwenye amplifaya yake ulitafutwa kwanza kwa ajili ya vijana wa Honolulu waliotaka wasikike.

Hoʻopiʻi hakuwa peke yake. Bennie Nawahi, aliyezaliwa Honolulu 1899, alipiga mitaani, melini na kwenye kumbi za maonyesho, aliweza kupiga hata kwa miguu, na rekodi zake za mwishoni mwa miaka ya 1920 zina moto ambao wengine waliuogopa. Alipofuka ghafla mwaka 1935 na akaendelea na kazi. Andy Iona alipiga saksafoni pamoja na gitaa, na unaisikia saksafoni hiyo kwenye chuma chake, katika zile sentensi ndefu zilizolainishwa kingo. Mwaka 1937 Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, alirekodi na kikundi cha Iona. Kabla ya hapo, mwaka 1930, Armstrong akiwa Los Angeles alirekodi "I'm Confessin'", na kinachomfungulia mlango ni gitaa la Hawaii mikononi mwa Ceele Burke, mpigaji mweusi wa mji huo. Texas nako Bob Dunn, aliyejifunza kwa barua kutoka kwa Walter Kolomoku, mmoja wa wapigaji wa ule mchezo wa Broadway, aliliunganisha gitaa lake na umeme na Januari 1935 akarekodi na bendi ya Milton Brown noti fupi zinazofoka kama trombone. Hakuna mnazi hata mmoja katika rekodi zile.

Picha ya mnazi hata hivyo ndiyo iliyoshinda. Mwaka huo huo wa 1935 kipindi cha redio kilianza kurushwa kutoka hoteli ya Moana, Waikiki, chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, kikiwapelekea Wamarekani muziki wa polepole wenye mawimbi nyuma yake. Kilidumu hadi 1975 na kiliwapa wapigaji hodari riziki. Sina ugomvi nacho. Ninachosikitikia ni kwamba ukimtajia mtu leo gitaa la Hawaii anakupa ile ya mawimbi, na kijana aliyeruka juu ya pigo kama mtu anayevuka mtaro wa mvua hakumbukwi.

Sauti ilitufikiaje huku? Kwa njia zaidi ya moja. Tau Moe, aliyezaliwa Samoa na kukulia Lāʻie ile ile ya Kekuku, alitoka na kikundi mwishoni mwa miaka ya 1920 na akazunguka Asia, Mashariki ya Kati na Ulaya na familia yake kwa zaidi ya nusu karne. Miaka ya vita waliishi Kolkata. Wahindi walikipenda chuma kwa sababu kinaweza kuteleza kati ya noti kama waimbaji wao, wakakipeleka kwenye filamu, na filamu zikakileta kwenye redio ya mama yangu. Kwa upande wa bara njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis, Kenya, wakimwimbia kiumbe nusu mtu nusu paa aitwaye Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers kwa matamshi yao, mwimbaji wa Mississippi ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko Bonde la Ufa. Na Rodgers alirekodi na Wahawaii mara kadhaa. Mwaka 1930, Hollywood, aliyempigia ni Lani McIntire na kikundi chake. Lani yule yule wa Hoʻopiʻi.

Mwaka 1938 Hoʻopiʻi aliyaacha maisha ya kumbi, akajiunga na huduma ya mhubiri Aimee Semple McPherson, na tangu hapo chuma chake kikawa cha Injili. Alifariki Seattle mwaka 1953.

Kipande ninachokifanyia kazi sasa kina urefu wa sekunde tisa. Kuna mshazari mmoja katikati yake ambao ninaupata mara mbili kati ya mara tano. Mama alikuja kukaa nami mwezi uliopita, na jioni moja, akiwa anakuna nazi, nilikipiga polepole, labda nusu ya mwendo wake.

"Hiyo ni ya filamu gani, mwanangu?"

Nikamwambia si ya filamu. Ni ya kijana mmoja wa visiwani aliyezamia meli na gitaa lake, zamani, kabla hata bibi hajaolewa.

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi.

"Alifika?"

"Alifika, mama."

Akaendelea kukuna. Baada ya muda akaniambia nikirudie, na safari hii nisikipige kwa kunong'ona.